Punje Tatu za Kalesa

Mwanangu Anakleta,

Kwa miaka ishirini na mbili nimewafundisha watoto wa watu kwamba barua ya kirafiki huanza kwa anuani kona ya kulia, halafu salamu, halafu hali, halafu dhumuni. Leo naandika ya kwangu na sijui pa kuanzia. Anuani unaijua, umelala ndani yake jana. Salamu tumepeana asubuhi. Hali yangu utaisoma humu. Limebaki dhumuni, nalo ndilo gumu, kwa hiyo nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia. Umesoma darasani kwangu, unajua kwamba nikiwa na jambo zito huwa nafuta ubao kwanza, hata kama hauna kitu.

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na mvua imekukamata huko. Naisikia juu ya bati. Shangazi yako hamwachii mgeni aondoke kabla hajala, na ukitoka kwake utapita kwa majirani wote wa mstari wetu, kwa hiyo nina muda. Sanduku lako liko hapa mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani, linasubiri lori la kijiji likupeleke mjini kesho ukapande basi la Mbeya. Nimepanga barua hii niichomeke humo sandukuni chini ya blanketi, uikute ukishafika huko chuoni.

Mambo ya sabuni, ya kufunga hela kwenye pindo la khanga, ya kutonunua chakula Tunduma kwa sababu tu umeona wengine wananunua, shangazi yako anakuambia sasa hivi, tena kwa sauti kubwa. Mimi sitayarudia. Nataka kuzungumza nawe habari za Ng'ambo.

Nafikiri unakumbuka mwanzo wake, lakini ulikuwa na miaka minane tu, na mtoto hukumbuka anavyotaka. Mimi nakumbuka hivi. Mama yako alishuka Mtowisa kumzika mjomba wake. Sisi watu wa huku juu bonde halitupendi, lina joto na mbu wasiotujua. Alirudi anatetemeka, na siku ya tisa tukamzika. Kijiji kilikuwa kipya, ndiyo kwanza tumehamishiwa hapa, nyumba zimepangwa kwa mistari kama madawati, na watu waliotusaidia kuchimba kaburi wengine sikuyajua majina yao. Kisha mvua zikaanza. Na wewe ukaacha kusema. Ulikuwa unakula, unafagia, unaitika ukiitwa, lakini neno la kwako mwenyewe hukuwa nalo.

Baba yako mdogo Fideli alikuwa akikaa nasi. Alasiri moja, mvua imefunga kila kitu, tumekaa watatu jamvini tunapukuchua mahindi, ukauliza, "Baba, chini ya ule ukungu kuna nini?" Ulikuwa na maana ya ule ukungu unaojaa bondeni asubuhi, ambao mama yako aliingia ndani yake akiwa mzima. Ningeweza kukujibu kwamba kuna Mtowisa, kuna mpunga na ng'ombe, na Ziwa Rukwa mbele yake. Lakini nilikuwa sijasikia sauti yako wiki tatu, nikaogopa jibu fupi lingeizima tena. Nikasema, "Kuna nchi. Inaitwa Ng'ambo. Wewe ukiwa huko ni nani?"

Ukafikiri sana. Ukasema, "Ni Kalesa. Nabeba chumvi."

Jina hilo ulilitunga mwenyewe, sijalisikia popote mpaka leo. Fideli naye akadakia, akasema yeye ni Tanuru, mhunzi wa kale, wa wale waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo ambayo magofu yake bado yamesimama huku kwetu. Mimi nikawa msimulizi. Nilisema kilichoko mbele yenu, mto au mnyama au mji, nanyi mkasema mtafanya nini. Na palipokuwa na shaka kama jambo litawezekana, tuliuliza punje. Tulichukua punje za mahindi tukaziunguza upande mmoja kwa kaa la moto. Fideli akapewa nne kwa kuwa Tanuru alikuwa mtu mzima mwenye nguvu, wewe ukapewa tatu. Ukirusha jamvini, tunahesabu zilizoangukia upande mweusi. Kuruka mfereji, nyeusi moja yatosha. Kumshinda mbwa mwitu, mbili. Kuna mambo yalitaka tano, na hayo hakuna aliyeyaweza.

Watu wengine huwasimulia watoto hadithi, ikafika mwisho, watoto wakalala. Yetu haikufika mwisho. Tuliicheza masika yote, kiangazi tukaiacha kwa sababu ya mavuno, mvua zikirudi tukaanzia pale pale tulipoishia. Masika kumi na moja, Anakleta. Sidhani kama kuna mtu mwingine huku Ufipa aliyefanya upuuzi huo kwa muda mrefu hivyo, na nauita upuuzi kwa mapenzi.

Ilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza niliileta mimi, ya pili uliileta wewe.

Yangu ilianza siku mlipoua joka la vichwa viwili. Fideli alikuwa na furaha kama aliyeua kweli. Akasema, "Kaka, sasa mimi niongezewe punje ya tano. Hata mgambo akifukuza ngedere shambani hupewa utepe begani!"

Nikamwambia, "Huku Ng'ambo hakuna kupanda cheo. Uliyeingia nazo nne utatembea na nne mpaka kufa."

"Kumbe ujamaa wameshaufikisha na huko!" Fideli akasema, na wewe ukacheka. Ilikuwa mara yako ya kwanza kucheka tangu msiba, na kwa sababu hiyo tu kanuni ile ikabaki.

Nilijipa sababu nyingi za kuipenda. Niliwaambia kwamba mtu akizidi kuwa na nguvu, dunia inazidi kupungua utamu. Kwamba mbwa mwitu waliotutisha masika ya kwanza lazima watutishe vilevile masika ya sita. Hilo ni kweli, na bado naliamini. Lakini mwaka ule ule nilikuwa nimenyimwa ualimu mkuu, akaletwa kijana niliyemfundisha kushika chaki, na nadhani nilitaka niwe na mahali pamoja duniani ambapo hakuna anayepandishwa. Mtu mzima akitunga kanuni, mwulize kwanza nani kamuudhi.

Yako ilikuja mwaka uliofuata. Kalesa alikuwa amefika kijiji kimoja cha Ng'ambo, ukaweka punje chini, ukaniuliza, "Baba, huku mama yupo?" Mimi nikasimama. Nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Nilikaa zizini kwenye mvua mpaka shati likanigandia mgongoni, na mbuzi wenyewe hawakuwa na tatizo lolote. Niliporudi nilikukuta umekaa vilevile, miguu umeikunja, Fideli amesinzia. Ukasema, "Msimulizi haruhusiwi kuondoka jamvini kabla hajajibu. Hiyo ni kanuni."

Ulikuwa na miaka tisa. Nikakaa, nikakujibu, "Hayupo, mama. Nimemtafuta kote." Ukaitika kwa kichwa, ukaokota punje zako, tukaendelea. Nimepewa maonyo na wakaguzi wa elimu na wakubwa wa kila aina, na hakuna aliyeniweka sawa kama wewe siku ile.

Sasa nikukumbushe Jitu la Kivuko, maana bila hilo hutaelewa ninalotaka kusema.

Lilikaa mtoni, na kulipita kulitaka nyeusi tano. Tanuru alikuwa na nne, Kalesa tatu. Nililiweka pale makusudi, liwe mpaka wa nchi, ili nisilazimike kutunga kilichoko upande wa pili. Fideli alipigana nalo misimu miwili, akavunjwa mkono mara tatu. Wewe hukupigana. Mara ya kwanza uliliuliza linakula nini. Nikasema, kwa kubahatisha tu, linakula samaki bila chumvi. Ukalipa chumvi kidogo ukarudi zako. Msimu uliofuata ukalipa tena, ukaliuliza jina la mama yake. Sikuwa nimelitungia jitu mama. Ukaendelea hivyo, chumvi na maswali, mpaka siku moja ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ukasema, "Leo sirushi punje. Namwambia tu kwamba nataka kuvuka." Na mimi msimulizi nikatafuta sababu ya jitu kukukatalia, nikaikosa. Likakuinamia, likakubeba begani, likakuvusha.

Fideli alipiga makofi. Mimi nilitaka kwenda kuangalia mbuzi, kanuni yako ikanizuia, nikabaki nimekuangalia. Kalesa alikuwa na punje zake tatu zile zile. Aliyekuwa amekua ni wewe. Kwa miaka mitano nilifikiri nimezuia kila mtu asipande, kumbe kwenye lile jamvi kulikuwa na mtu anapanda mbele ya macho yangu, kwa njia ambayo sikuwa nimeiwekea kanuni. Mzazi mwingine angefurahi. Nilifurahi pia, sitajinyima hilo. Lakini zaidi niliogopa. Niliona kwamba siku yoyote ungesema unataka kuvuka, hakuna ambaye angeweza kukuzuia, na nyumba hii ingebaki na mimi na Fideli na mbuzi.

Mwaka uliofuata ulifanya mtihani wa darasa la saba.

Nimeacha kalamu hapa nikaenda dirishani. Mvua imepungua. Bado hujaonekana.

Jina lako lilitoka, Anakleta.

Lilitoka. Mwalimu Mkuu, yule kijana niliyemfundisha kushika chaki, aliniita ofisini kabla hajabandika orodha, akanipa mkono na fomu yako ya kuchaguliwa, akasema, "Hongera, Mwalimu. Binti yako amechaguliwa sekondari." Shule yenyewe ilikuwa mbali, nchi ya joto, huko chini. Nikamwomba siku moja. Kesho yake nikampelekea karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu huu huu unaousoma, kwamba afya yako haiwezi nchi za joto na mzazi anaomba nafasi apewe mtoto mwingine. Yule kijana alinitazama. Alijua hukuwahi hata kulazwa. Lakini alikuwa amenikuta kazini, nilimfundisha, na aliniheshimu kuliko nilivyostahili. Akasema, "Wewe ndiye baba, Mwalimu." Miezi michache baadaye akahamishiwa Namanyere. Nafasi yako alipewa mtoto wa shule nyingine, ambaye simjui na sijawahi kutaka kumjua.

Nikarudi nyumbani nikakuambia, "Jina halikutoka, mwanangu." Ulikuwa unachambua maharage. Hukulia. Ukasema, "Basi, baba. Mvua zikianza tuendelee na Ng'ambo."

Nilijiambia ni kwa sababu ya mama yako. Joto lile, mbu wale, na wewe ni mtoto wa huku juu. Ningeiapia sababu hiyo mbele ya padri, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba sikutaka kula peke yangu. Sina jina zuri zaidi la kuliita jambo hilo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, miaka mitano, na kila siku nilipaswa kuitembea upya. Nilidhani nimesema uongo mara moja, jambo limekwisha. Wiki iliyofuata ukaniuliza, "Baba, nilikosea wapi kwenye mtihani?" Na mimi, mwalimu, nikafikiri kama vile nakumbuka, nikasema, "Kwenye sehemu. Hesabu za sehemu zilikushinda." Ukaomba nikufundishe. Nikakufundisha sehemu wiki nzima, hapa hapa mezani, hesabu ambazo ulizijua tangu darasa la tano. Ulizipata zote. Ukaniangalia, hujui ukosee wapi ili ujifunze. Nami nikasema, "Naona sasa umeanza kuelewa."

Katika yote niliyofanya, hilo la sehemu ndilo ninalolionea haya kuliko hata ile karatasi. Karatasi niliiandika kwa woga, na woga una dakika yake. Lakini wiki nzima nilikaa nawe nikakufundisha kutojiamini, kwa upole, huku nikikusahihishia kwa kalamu nyekundu.

Kuna siku nyingine sijui kama ulijua nimekuona. Nilikuwa nafundisha darasa la sita, nikageuka kutoka ubaoni nikakuona umesimama nje ya dirisha, jembe begani, unasikiliza. Midomo yako ilikuwa inajibu swali nililouliza. Ulijibu kabla ya watoto wote. Nikageukia ubao nikaendelea kuandika.

Fideli ndiye aliyegundua. Alikuwa anatafuta karatasi ya kusokotea tumbaku yake, akafungua kitabu changu cha zamani cha hesabu, akaikuta fomu yako ya kuchaguliwa nimeikunja ndani. Sikuwa na moyo wa kuichoma. Alikuja nayo shambani, wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Nilitegemea atapiga kelele, unamjua. Hakupiga. Alisema polepole, "Kaka, nilidhani umetutungia mchezo. Kumbe ulikuwa unajenga zizi." Nikamwomba asikuambie. Akasema, "Simwambii. Si uongo wangu. Lakini jamvini kwako sikai tena mpaka umwambie wewe."

Ndiyo sababu Tanuru alipotea Ng'ambo, na Fideli mwenyewe akahama nyumba hii. Wewe uliambiwa kwamba baba mdogo magoti yanamuuma, hawezi kukaa chini muda mrefu. Magoti yake ni mazima, mwanangu. Mwaka jana amepanda mpaka Mwimbi kwa miguu na gunia la ulezi begani. Kwa hiyo nilikupokonya shule, na nikakupokonya na baba mdogo, tukabaki wawili jamvini, msimulizi mwongo na mchezaji asiyejua. Na wewe uliendelea kurusha punje zako tatu kwa uaminifu ule ule. Kuna jioni nilikuwa nakusimulia mji wenye nyumba za vioo na huku nasema moyoni, sasa, mwambie sasa, na badala yake nakuongezea chemchemi katikati ya mji.

Kisha mwaka huu, bila kuniuliza, ukaenda mjini kuomba nafasi ya mafunzo ya uuguzi. Ulinieleza baadaye huku unamenya viazi, kama mtu anayeeleza habari za soko. Karani wa pale mlangoni alikurudisha mara ya kwanza, akasema wanataka waliofika mbali zaidi ya darasa la saba. Ukarudi wiki iliyofuata, ukamsalimia, ukamuuliza mtoto wake anaendeleaje na kikohozi, kwa kuwa mara ya kwanza ulikuwa umemsikia akikitaja. Ukarudi tena. Mara ya nne akakuambia, "Wewe binti, ingia ukaonane na mkubwa mwenyewe, umenichosha." Mkubwa akakupa mtihani wa hapo hapo, ukafaulu. Ukaniambia huku unacheka, "Hata sehemu zilikuwepo, baba. Asante."

Uliniambia asante. Kisu kilikuwa mkononi mwako, viazi kwenye maji, na mimi nikasema, "Vizuri, mama." Usiku ule sikula, nikasingizia tumbo.

Sasa umesoma dhumuni. Fomu yenyewe nimeiweka ndani ya barua hii, mikunjo imeanza kukatika, ifungue taratibu. Nataka uione kwa macho yako, kwa sababu tangu sasa huna haja ya kuamini neno langu juu ya jambo lolote linalokuhusu. Ulifaulu ukiwa na miaka kumi na minne. Hukukosea sehemu. Hukukosea chochote.

Siwezi kukurudishia miaka mitano. Nimetafuta la kukupa, na umaskini wangu ni huo huo unaoujua. Zile punje tatu nimezifunga kwenye kitambaa cha mama yako, zimo humu pamoja na fomu. Asubuhi nilikaa na punje mpya mkononi na kaa la moto pembeni, nataka kukuunguzia ya nne, niseme kwamba nimefuta kanuni. Kisha nikaona aibu. Ningekuwa nakuhonga. Umelivuka jitu kwa tatu, umemvuka karani kwa tatu. Ya nne ingekuwa ya kunituliza mimi.

Ushauri sina mwingi, na wewe una haki ya kuutilia shaka. Nakuomba moja tu. Huko uendako kutakuwa na wagonjwa, na kutakuwa na siku utajua jambo ambalo mgonjwa hajui, na utampenda au utamwonea huruma, na utaona ni heri asijue. Siku hiyo nikumbuke mimi na kalamu yangu nyekundu. Nilikupenda kila siku ya ile wiki. Upendo haukupungua hata kidogo, na haukukusaidia chochote.

Hofu yangu sasa naisema wazi. Ukishajua haya, unaweza usirudi. Unaweza kufika Mbeya, ukasoma, ukapata kazi, na mvua zikianza usitake hata kusikia jina la kijiji hiki. Sitakuwa na neno. Nimekaa miaka mitano nikilinda nyumba isibaki tupu, na nadhani kwa kuilinda hivyo ndivyo nilivyoanza kuitoa watu, Fideli kwanza na sasa wewe.

Nilipoanza kuandika nilikuambia nitaichomeka barua chini ya blanketi. Nimesimama mara mbili kwenda kufanya hivyo. Mara ya pili nilishafungua kamba, mkono uko ndani ya sanduku, ndipo nikajiona. Nilikuwa natafuta mahali pa kuificha karatasi, kama nilivyotafuta siku ile, kitabu cha hesabu safari ile, blanketi safari hii. Ungeisoma mbali, ungelia mbele ya wageni, na mimi ningekuwa huku nakunywa uji. Ungekuwa na swali na hakuna wa kumuuliza.

Nasikia sauti yako kwa jirani wa pili, unamwamkia bibi, naye anakushika mkono hakuachii, namjua. Nina dakika chache. Nimefunga sanduku upya. Nimetandika jamvi pale tunapokaa siku zote, na nimemtuma mtoto wa jirani ampelekee Fideli habari kwamba leo nasema, kama anataka aje. Amejibu kwamba anakuja, na kwamba magoti yake yamepona.

Utaingia umelowa. Ukaushe miguu, ukae, nikupe barua hii mkononi, uisome mbele yangu yote mpaka hapa. Kisha uulize unachotaka, kwa muda unaotaka, kwa sauti unayotaka. Lori halitoki mpaka asubuhi. Mimi nitakuwa nimekaa, Anakleta. Sitakwenda kuangalia mbuzi.

Baba yako